Kumbukumbu Iliyofutwa

Watu walimwita Maoni, na jina lilimkaa. Kazini alikuwa msimamizi wa chumba cha kompyuta katika chuo kimoja, lakini hiyo ilikuwa kazi ya kumlisha tu. Kazi ya moyo wake ilikuwa kutoa maoni: kuhusu simu mpya, michezo ya video, spika, saa zinazopima mapigo ya moyo, na chochote kinachochomekwa kwenye umeme. Kila wikendi alijifungia stoo, akatundika blanketi mlangoni ili sauti isivume, akajirekodi na kurusha kipindi chake mtandaoni. Siku zote kilianza hivi: "Mimi nasema, mpende msipende."

Na alisema kweli, maana mdomo wake haukuwa na breki. Hedifoni zisizo na waya, alisema, ni za watu wanaopenda kutambaa chini ya vitanda. Mchezo unaodai intaneti wakati unacheza peke yako ni sawa na kuomba ruhusa kwa jirani kabla ya kuingia chooni kwako. Anayetazama filamu kwa kasi maradufu anameza bila kutafuna, basi asilalamike kwamba haina ladha. Na asiyeweka nakala ya vitu vyake, siku vikipotea, asimlilie mtu.

Lugha ndiyo iliyomtoa povu zaidi. Hakutaka kabisa kusikia mtu akitamka "memori". "Kumbukumbu!" alikuwa akifoka. "Neno tunalo, zuri, la nini kuazima?" Nyumba nzima ilishika adabu. Mkewe alisema kumbukumbu, majirani walisema kumbukumbu, hata shangazi yake, dada wa marehemu baba yake aliyekuja kukaa nao kidogo, alijua kwamba kile kikadi cha kuhifadhia mambo ya mashine kinaitwa kumbukumbu.

Wiki iliyopita Maoni alikuwa ameuchambua mchezo mmoja mpya wa simu. Aliucheza kwa muda wa kunywa chai, akatosheka, akaenda stoo. "Nyumba ya kwanza tu unayokutana nayo," aliwaambia wasikilizaji wake, "paa limepinda na mlango uko ubavuni, umegandana na dirisha. Jamani, aliyeichora alikuwa amepanda baiskeli?" Wasikilizaji walicheka mpaka basi. Na yeye alicheka.

Jioni mkewe ndiye aliyemkata kicheko. Mchezo ule ulichorwa na binti yao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya michezo ya simu katika mji mwingine. Alikuwa amewaambia kwamba kuna kitu anakitengeneza, ila kwa sasa ni siri. "Siri yenyewe ndiyo hiyo uliyoitukana mbele za watu," mkewe, aliyetoka kuongea na binti kwenye simu, alimwambia. Maoni alipiga simu siku ile, na kesho yake, na keshokutwa. Binti hakupokea.

Leo, akiwa chuoni anafunga kompyuta, simu yake ililia. Ulikuwa ujumbe wa binti: "Baba, niko njiani nakuja. Mama atanipokea stendi. Kabla sijafika, nenda mjini kwetu ukaitazame nyumba ya kwanza. Ukishaiona ndiyo tutaongea."

Mji aliousema haukuwa kwenye ramani yoyote. Ulikuwa ndani ya mashine ya zamani ya gemu iliyokaa chini ya televisheni sebuleni. Binti alipokuwa mdogo, akikaa kwenye kochi miguu haigusi sakafu, yeye na baba yake walianza kujenga mji ndani ya mchezo mmoja, nyumba baada ya nyumba. Hawakuwa watu wa maongezi marefu. Wakiulizana hali, habari zimekwisha. Lakini wakishika pedi za kuchezea, kila mtu yake, waliweza kukaa mchana kutwa wakibishana daraja likae wapi. Hata baada ya kuhama nyumbani, kila akija likizo binti aliongeza kitu: kisima, uwanja, mtaa mzima wa maduka. Na mji wote huo ulikaa ndani ya kumbukumbu moja ndogo, yenye ukubwa wa biskuti. Nakala haikuwepo. Mzee mzima aliyekuwa akiwahubiria watu kuhusu nakala hakuwa nayo hata moja, na kisingizio chake kilikuwa kwamba mashine ile imezeeka mno, haielewani na vifaa vya siku hizi.

Alitembea haraka mpaka nyumbani. Shangazi alikuwa sebuleni, amejifunga kanga kiunoni, uso umemng'aa kwa kuridhika.

"Umerudi, baba? Leo nimekufanyia kazi. Ile mashine yako ya gemu nimeifuta."

Maoni alisimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi. "Umeifuta?"

"Yote. Ilikuwa imejaa mpaka aibu. Na ile kumbukumbu yake nimeichomoa, nikaifuta nayo."

"Shangazi... umefuta kumbukumbu?"

"Si ulinifundisha mwenyewe? Kitu kikijaa, nisikionee huruma."

Kweli alimfundisha. Juzi tu, simu ya shangazi ilipokwama, Maoni aliketi naye akamwonyesha jinsi ya kuondoa picha zilizojaa. "Usizionee huruma, shangazi. Futa!" Mama yule alielewa somo haraka kupita kiasi, akafuta hata picha za harusi ya mjukuu wake, halafu akauliza kama kuna nyingine. Kwa hiyo Maoni hakuwa na sababu ya kudhani kwamba hawezi.

"Hakikubaki kitu?" aliuliza, kiatu bado mkononi.

"Hata chembe."

Maoni alikaa kwenye mkono wa kochi. Angekuwa mtu mwingine angemkaripia, lakini huyu ndiye aliyemlea, aliyembeba mgongoni, na hapo alipo alikuwa akitazamia kushukuriwa. Maoni aliona daraja likienda, kisima kikienda, mitaa yote ya likizo za binti yake ikienda. Binti angeingia muda si mrefu na kuuliza swali moja tu, naye angejibu nini? Kwamba baada ya kuitukana kazi yake, mji wao nao haupo? Aliinamisha kichwa.

"Mbona umekaa hivyo? Au nimekosea?" shangazi aliuliza, na kuridhika kulianza kumtoka usoni.

"Hapana, shangazi. Hujakosea. Ahsante."

"Ahsante gani hiyo ya kununa? Mimi nimesugua mpaka kiuno kinaniuma." Aliondoka kuelekea jikoni huku akinung'unika, akarudi ameshika kitambaa, akakikunjua mbele ya pua ya Maoni. "Tazama mwenyewe kama ilikuwa ya kuachwa vile! Vumbi lote hili! Nimetia na spiriti kidogo."

Kitambaa kilikuwa cheusi tii. Maoni alikitazama, akamtazama shangazi, akakitazama tena.

"Shangazi, umefuta vumbi?"

"Kwani kulikuwa na kitu kingine cha kufuta?"

Maoni alicheka kicheko kilichokaribia kilio. Alimshika shangazi mikono yote miwili, kitambaa kikiwa katikati, akamshukuru upya, safari hii kwa moyo wote. Halafu akakumbuka spiriti: je, kama imeiharibu kumbukumbu? Alipiga magoti mbele ya televisheni, akaisukuma kumbukumbu mahali pake, akabonyeza kitufe cha kuwasha.

Skrini ilikaa nyeusi. Iliendelea kukaa nyeusi. Shangazi naye alikuwa ameshikilia pumzi, bila kujua ni kwa nini. Kisha muziki ule wa zamani ukaanza, wa vinanda vya kitoto, na mji ukajitokeza wote, na madaraja yake na maduka yake, kila kitu mahali pake. Maoni alishusha pumzi ndefu. Alijisikia mwepesi hadi vidoleni.

Alibonyeza pedi polepole, akapita uwanja, akapita kisima, akafika ukingoni mwa mto walikoanzia. Nyumba ya kwanza ilikuwa palepale. Paa limepinda. Mlango uko ubavuni, umegandana na dirisha.

Alikumbuka yote kwa mkupuo mmoja. Binti amekaa mapajani mwake, pedi imemzidi mikono, ametaka kulirekebisha lile paa, na yeye mwenyewe, baba mtu, amemzuia: "Acha hivyohivyo. Hakuna nyumba nzuri kama hii." Kumbe mwenzake hakusahau. Kumbe alipopewa mchezo wa kuchora, wa kuonekana na watu wote, hiyo ndiyo nyumba aliyoiweka ya kwanza.

Mlango ulifunguliwa. Mkewe aliingia na begi, na nyuma yake binti, bado amevaa viatu vya safari, uso hausomeki. Alitazama televisheni kwanza, kisha baba yake aliyekuwa angali magotini.

"Umeiona?"

"Nimeiona," Maoni alisema. "Aliyeichora hakuwa amepanda baiskeli. Alikuwa amekaa mapajani mwangu."

Binti aliuma mdomo ili asicheke, akashindwa. Alikuja akakaa sakafuni kando yake, akamlalia begani kama zamani.

"Nisamehe, mwanangu. Kile kipindi nakifuta sasa hivi."

"Usikifute, baba. Ucheze mchezo mpaka mwisho kwanza, halafu useme unavyoona, hata kama ni mbaya. Ila ucheze."

"Nitaucheza. Lakini kile nitakifuta."

"Nimesema usifute!"

Shangazi, aliyekuwa ameshafika kwenye mlango wa stoo ya kurekodia na kitambaa chake mkononi, aligeuka akawatazama wote wawili.

"Amueni basi," alisema. "Kifutwe au kisifutwe?"