Mzigo wa Kadhi

Jana mchana, wali ukiwa bado umenilemea tumboni, niliota paka wetu amezuiwa mpakani.

Ngoja kwanza niwaambie huyo paka ni nani, msije mkadhani nina maradhi. Jina lake Kadhi. Alipewa na mama mkwe wangu, Bi Mwanamvua, kwa sababu kila mimi na yeye tulipoanza kutupiana maneno jikoni, paka alikuja akaketi katikati yetu, akamtazama huyu, akamtazama yule, hadi mmoja wetu akashindwa, akacheka. Miaka kumi na mbili alituamua hivyo. Siku kumi na moja kabla ya ndoto hiyo tulimkuta kajikunja nyuma ya kinu, wa baridi. Mume wangu Mbaruku akamfukia uani, chini ya mpapai. Akamfukia, hakumzika. Neno hilo Bi Mwanamvua alilisisitiza mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimeshafungua kinywa nilie. Bi Mwanamvua akanishika mkono.

"Nyamaza, Riziki! Huyo kabeba balaa la mtu humu ndani. Ukimlilia, unalirudisha."

Ndivyo inavyosemwa kwetu: mnyama wa nyumbani akifa ghafla, ujue kuna mtu kaponea. Basi nikameza kilio changu. Lakini kaponea nani? Humu ndani tumo watatu tu. Tangu siku ile nikawa nawachunguza wenzangu. Mbaruku akikohoa, namkodolea macho. Bi Mwanamvua akichelewa kuamka, natega sikio mlangoni kwake nisikie kama anapumua. Hata mimi mwenyewe nimejipapasa mwili mzima nikitafuta uvimbe. Na Kadhi wangu nimemkosa, jamani, nimemkosa hadi kifua kinaniuma, na sikuwa na ruhusa ya kusema.

Katika ndoto nafungua mlango wa chumba. Badala ya ukumbi nakuta foleni ya paka watupu, kila mmoja kajitwika mzigo, na kata ya kitambaa chini yake. Mbele kuna kibao kimeandikwa MPAKA, na chini yake kwa herufi ndogo: wa paka. Nikaona ni sawa kabisa. Ulitaka uwe wa nani?

Afisa wa forodha ni mbuzi. Si mbuzi wa kulia mee, ni mbuzi wetu wa kukunia nazi, yule mwenye mguu uliolegea. Kofia kaivaa kwenye meno.

"Jina?"

"Riziki."

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kumwona Kadhi."

"Umelia?"

"Sijalia."

"Mbona macho mekundu?"

"Vitunguu."

Mbuzi akanitazama weee. "Leo mmekula wali na vibua vya kukaanga," akasema. "Kitunguu hakijamenywa. Mimi nilikuwapo."

Yaani mtu unakikalia kitu miaka yote hiyo, kumbe kinakuangalia! Akanikabidhi mfuniko wa sufuria niukinge chini ya kidevu. Akaniarifu kwamba chozi moja likigusa sakafu, mzigo unarudi ulikotoka, hiyo ndiyo sheria, yeye hakuitunga.

Foleni inasogea. Paka mwekundu anasema amebeba ajali ya pikipiki ya muuza maandazi. Kinyau kidogo, hakijafungua hata macho vizuri, kimebeba homa ya pacha. Mbuzi anawagongea mihuri, wanapita, wala hawageuki nyuma.

Kadhi yeye yuko pembeni, kwenye benchi. Kakaa vilevile alivyokuwa akikaa, mkia kauzungushia miguu. Mzigo wake ni mkubwa kuliko yeye.

"Huyu ana siku kumi na moja hapa," mbuzi akasema. "Mzigo wake hauna jina. Siwezi kupitisha mzigo usio na jina. Wewe ndiye umetoka kwao, nitajie mwenyewe, nimwachie aende zake."

"Na nikimtaja siye?"

"Utamfikia hivyohivyo. Sisi tunafuata maandishi."

Nikawaza kikohozi cha Mbaruku. Nikawaza siku hizi Bi Mwanamvua anavyopotea kila alasiri, ukimuuliza alikokuwa, anasema alikuwa hapahapa. Nisiwafiche: jina lake lilinifika ulimini. Nilitaka Kadhi apumzike, na mama mkwe ndiye mkubwa kuliko sote, na nani angejua? Nikaubana mdomo kwa vidole. Nikajiona mbaya sana.

Mara hatuko mpakani tena. Tuko sokoni, meza ya samaki, mbuzi bado na kofia yake, na hakuna aliyeshangaa.

"Mnanichosha," Kadhi akasema.

Sikuwahi kumsikia akisema neno. Sauti yake ni ya mtu mzima aliyeamshwa usingizini.

"Kadhi, nani mwenye balaa?"

"Balaa gani? Mimi nimekufa kwa uzee, Riziki. Miaka kumi na mbili. Ulitaka nikae hadi lini?"

"Sasa mzigo huo?"

Akaufungua kwa meno. Ndani mna vichwa vya vibua, kila kimoja kimefungwa kwenye gazeti, vingine vimekauka, kimoja bado kina moto wa karai.

"Naletewa kila siku," akasema. "Siwezi kuvila, siwezi kuvitupa, ni haramu kumvunjia mtu moyo. Na forodha hawapitishi samaki."

"Hatupitishi," mbuzi akasema.

"Nani anakuletea?"

Kadhi akafungua kinywa kunijibu. Kilichotoka ni mlio wa komeo la mlango wa uani, nikazinduka.

Jua lilikuwa limeingia hadi mguuni pa kitanda. Nyumba kimya. Nikatoka pekupeku hadi uani, mlango nikaukuta wazi.

Bi Mwanamvua alikuwa amechuchumaa chini ya mpapai, kanipa mgongo. Alikuwa akikunjua kipande cha gazeti. "Kula, baba," alikuwa akinong'ona. "Leo nimekutolea na miba."

Nikakanyaga jani kavu. Akainuka upesi, kwa umri wake sikutegemea, akakifunika kile kichwa cha kibua kwa upindo wa kanga.

"Nafukuza kuku," akasema.

"Mama, hatufugi kuku."

Akanitazama. Nikamtazama. Safari hii hapakuwa na mtu wa kutuamua.

"Hakuna balaa lolote," akasema. "Nilikuongopea, mwanangu. Niliona ukianza wewe, na mimi nitaanza, na mimi nikianza sinyamazi. Mtu mzima mzima nilie paka, watu wasemeje?"

Nilitaka kukasirika. Siku kumi na moja nimehesabu pumzi za watu! Hasira nikaitafuta, sikuiona.

"Mama," nikasema, "amesema usimletee tena samaki. Forodha hawapitishi."

Hakuuliza ni nani aliyesema, wala forodha ya wapi.

"Amekasirika?"

"Hapana. Amechoka kusubiri."

Bi Mwanamvua akaketi chini, papo hapo kwenye mchanga, akaweka mikono kichwani, akalia. Si kwa kunong'ona, alilia kweli, kilio cha kusikika nyumba ya tatu. Nami nikaketi kando yake, nikakitoa changu chote, makamasi na kila kitu, hadi nikaona mwili umekuwa mwepesi.

Mbaruku akarudi kutoka msikitini, akatukuta hivyo, kofia yake mkononi. Uso ulimbadilika.

"Mama, kuna nini? Kuna msiba?"

"Kuna msiba," Bi Mwanamvua akasema, akasogea kumpa nafasi. "Keti."