Springi za Chevrolet ya Marehemu

Springi ukishaikata haikui tena. Delfino Archuleta alilijua hilo, na bado alizipitishia grinda springi za Chevrolet ya marehemu baba yake, mpaka tumbo la gari likakaribia kulamba lami. Msimlaumu sana. Kule mjini kwao Española mwanamume huliosha gari lake kabla hajaoga yeye mwenyewe, na gari lililokaa juu huonekana halina mwenyewe.

Tatizo ni kwamba gari lile halikuwa pambo. Lilimpeleka kazini kwenye duka la vyakula vya mifugo, lilibeba magunia ya pumba, na kila Jumapili lilimpeleka mama yake, Eufemia, kanisani. Jumapili ya kwanza baada ya kukatwa, lilikwama juu ya kidaraja cha mfereji mbele ya nyumba ya mama. Majirani wawili walimtoa bibi wa watu kwa kumvuta mikono, na nyonga yake mbovu, na gauni lake la misa.

"Nikifa mtanilaza chini," alisema akijipangusa. "Nikiwa hai nakaa juu. Sipandi tena."

Akawa anakwenda misa kwa miguu na fimbo yake. Delfino alimfuata nyuma kwa gari, polepole, na mama hakugeuka. Aibu ilimla. Halafu Kwaresima ikaanza, na mama akatangaza kwamba Ijumaa Kuu atakwenda kuhiji kanisa la Chimayó kama miaka yote, safari hii kwa miguu, daktari apende asipende. Delfino aliona wazi kwamba nyonga ile haitafika, na kwamba mama angeanguka njiani kwa ajili ya ujinga wake yeye.

Akaenda kwa rafiki yake Prajedis, mwenye gereji.

"Nifungie pampu. Gari lipande na kushuka kwa swichi."

Prajedis alicheka. "Pampu kwenye gari la milango minne? Bwana wee, watu hufunga kwenye milango miwili. Milango minne ni ya kubebea mabibi."

"Ndiyo maana."

Prajedis akaacha kucheka, akaenda kutafuta springi nyingine.

Ijumaa Kuu asubuhi, Delfino alivuka kidaraja gari likiwa limejiinua kama kuku aliyeona nyoka. Mama alikuwa mlangoni, tayari na fimbo. Delfino akabonyeza swichi, pampu zikanguruma, na kiti cha gari kikashuka kikasimama kimo sawa na kiti chake cha jikoni. Mama alikitazama muda mrefu, kisha akakaa bila kushikwa mkono.

Njia ya Chimayó ilikuwa imejaa mahujaji. Gari lilikwenda taratibu kando yao, mama akihesabu rozari. Katikati ya fungu moja akanyamaza.

"Baba yako alitaka kulishusha hili tangu hatujaoana. Nikamwambia siolewi na mhuni. Hakukata kitu. Ila Jumamosi, nikienda kwa dada yangu, alikuwa anatia magunia ya mchanga kwenye buti ili likae chini, anazunguka nalo mjini, halafu anayatoa kabla sijarudi."

"Kumbe ulijua?"

"Unadhani mchanga wa kwenye buti alikuwa anafagia nani? Malaika?"

Delfino alicheka, lakini mama hakucheka. Alikuwa ameukunja mkono juu ya rozari.

"Nilifagia miaka yote ile nikanyamaza. Ningemwambia tu, Belarmino, liache hivyo hivyo, tupande wote. Jambo dogo kiasi gani hilo. Nikamnyima."

Delfino akapunguza mwendo.

"Haya, lishushe," mama akasema.

"Mama, nyonga yako."

"Nimeshakaa. Lishushe."

Akabonyeza kidogo. Gari likashuka nusu.

"Mpaka chini, Delfino. Pale alipopataka yeye."

Likashuka mpaka chini. Mama akateremsha kioo, akatoa kiwiko nje, akaendelea na rozari yake pale alipoachia.