Safu ya Mengineyo

Ofisini walimwita Mzee Futi, kwa sababu hata akienda kunywa chai utepe wa kupimia ulikuwa umemning'inia shingoni. Kazi ya kupima miti aliianza bila cheti. Majina alijifundisha mwenyewe, jani kwa jani, akilinganisha na majani makavu yaliyobandikwa na kuhifadhiwa kwenye makabati ya kituo cha misitu. Mkuu wa kituo alikuwa mdogo wa marehemu mkewe.

Jumatatu ile shemeji yake alimsukumia karatasi mezani. Barabara mpya ilikuwa inakuja, na sehemu moja ya msitu ingekatwa, Mlimani au Bondeni. Ingebaki ile yenye aina nyingi zaidi za miti.

"Mlimani thelathini na nane, Bondeni thelathini na moja," alisema. "Mambo yamekwisha. Mbona umekunja uso, shemeji?"

Mzee Futi aliteremsha kidole hadi safu ya mwisho. Mlimani, mengineyo: sifuri. Bondeni, mengineyo: kumi na mbili.

Neno lile lilikuwa lake. Miaka kumi na minane nyuma, siku ya mvua kubwa, aliwafundisha wenzake njia ya mkato: mti usioujua, na ambao aina yake haifiki mashina matatu msituni, usihangaike kuupanda kutafuta jani. Pima unene, andika mengineyo, songa mbele. Mlimani miti ilikuwa ya koo chache, ndugu kwa ndugu, kwa hiyo hakikupotea kitu. Bondeni ndiko walikokaa wapweke, miti isiyo na ndugu.

"Hii kumi na mbili haikuingia kwenye hesabu ya aina. Ni miti kumi na miwili, na kila mmoja huenda ni aina yake; Bondeni ingefika arobaini na tatu."

"Ndiyo umekumbuka leo?"

"Nipe siku tatu."

"Nakupa mbili. Na usianguke huko juu, dada yangu asije akanitokea ndotoni."

Siku ya kwanza aliipanda miti ile, magoti yakilia. Siku ya pili alishinda kwenye makabati, na miti kumi na mmoja ikapata majina, kila mmoja lake, na hakuna lililokuwamo kwenye orodha. Wa mwisho, wenye kibati namba 417, jani lake alilikuta kwenye droo ya chini kabisa, kwenye karatasi moja iliyogeuka rangi. Ukoo wake ulijitenga na miti mingine zamani mno, na msitu mzima haukuwa na hata binamu yake. Ukikata mti wa Mlimani, unaacha nduguze mia. Ukikata huu, umefunga nyumba nzima.

Kamati iliyoamua sehemu ya kukatwa ilitaka maelezo ya maandishi kwa nini hesabu imebadilika.

"Andika karani alikosea," shemeji alimnong'oneza.

"Karani gani? Ni mimi."

Akaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko safi, bila kujitetea, akatia sahihi.

Ijumaa jibu lilirudi. Mtu aliyekiri kujaza fomu ovyo kwa miaka kumi na minane, orodha yake ya siku mbili haiwezi kuaminika. Hesabu ya awali itumike.

Mzee Futi aliisoma mara mbili. "Hesabu ya awali si niliijaza mimi huyo huyo?"

"Ile ina muhuri, shemeji," alisema mkuu, akitazama dirishani.

Wiki ya tatu alipelekwa Bondeni kupima magogo. Yalipangwa kwa marundo, kila aina na kibao chake. Dereva wa mtambo alisimama na gogo mdomoni mwa mashine, kibati namba 417 bado kimepigiliwa kwenye gome.

"Mzee, hili niliweke wapi?"

Mzee Futi akamtajia jina lote, taratibu.

"Hilo halina rundo hapa."

"Basi liweke peke yake."

"Peke yake nafasi iko wapi, baba? Nina magogo mia mbili nyuma yangu." Akageuza mtambo, akalitupa kwenye rundo la mwisho kando ya njia.

Kibao cha rundo lile hakuhitaji kukisoma. Akavua utepe shingoni, akapima unene, akauandika.