Mwaka Ausma Aliposifiwa

Nilikwenda kwa Velta kwa miguu yangu mwenyewe, siku mbili kabla ya sikukuu ya Līgo, kumwomba asimtanie mke wangu. Sikutumwa na mtu. Ukitaka kumjua mjinga aliyefanya hivyo ni mimi, Arvīds, na mpaka leo sijapona ujinga wangu.

Nilimkuta jirani yetu huyo akikamua jibini kwenye kitambaa, mikono imejaa mbegu za kisibiti.

"Velta, mwaka huu mwache Ausma."

"Nimwache vipi?"

"Msimtanie. Hawezi kujibu. Mtamuumiza tu."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Arvīds, nina nyimbo sita mpya juu yake. Nimezitunga tangu Krismasi, kabla hajaugua. Moja inahusu kiuno chake, ni tamu mpaka nacheka peke yangu."

"Zifukie."

"Na mlangoni kwenu nipite kimya? Hilo ndilo tusi lenyewe."

"Mwimbie mazuri."

"Mazuri ya Ausma?" Akanikazia macho. "Miaka yote hii sijawahi kuyatafuta. Nitayatoa wapi mimi?"

"Tafuta," nikasema, nikaondoka nikijiona mume mwema.

Sasa nieleze, maana anayetusikia kwa mbali atadhani Velta na Ausma ni maadui. Kwetu, jioni ya Līgo, jua likiwa limefika mwisho wa safari yake ya mwaka na halina haraka ya kuzama, watu hutoka kwa makundi na mataji yao ya maua na majani, shamba hadi shamba, wakiimba. Wakifika langoni kwako hawakusalimii. Wanakuimbia magugu yako, uvivu wako, bia yako iliyochacha, na kila ubeti wanaufunga kwa līgo, līgo. Nawe mwenye nyumba unatakiwa uwajibu palepale, kwa wimbo, uwavue nguo mbele za watu. Ukishawashinda ndipo unawapa jibini na bia. Ausma hakuwahi kushindwa. Mwaka mmoja Velta alikuja na ubeti huu:

"Jibini lake Ausma, līgo, līgo,
limemng'oa panya meno, līgo!"

Mke wangu hakupumua hata mara moja:

"Panya katoka kwa Velta, līgo, līgo,
kaja kwangu bila meno, līgo!"

Watu walilala kwenye nyasi kwa kicheko. Velta mwenyewe alicheka mpaka taji likamdondoka. Ausma alikuwa akisema kwamba jua siku ile linaangalia nani bado yupo, na anayetaniwa ndiye aliyepo. Maiti ndiye asiyesemwa vibaya. Maneno hayo aliniambia zaidi ya mara ishirini, nami sikuyatia akilini.

Mwezi wa pili wa mwaka huo kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na maneno yote. Likabaki moja: hapana. Kwa hapana aliomba chai, kwa hapana alikataa chai, kwa hapana alimwita mbwa, na mbwa alikuja. Binti yetu alipopiga simu kutoka Ireland, Ausma alimsikiliza akilia, akamwambia hapana, hapana, kwa sauti ya kubembeleza. Mimi nilijifunza kuzitofautisha hapana zake zote, au nilidhani nimejifunza.

Siku ya Līgo aliamka kabla yangu. Alikanda jibini kwa mkono mmoja. Alisuka mataji, langu la majani ya mwaloni na lake la maua, akikaza uzi kwa meno, na nilipotaka kumsaidia alinipiga kofi mkononi. Alivaa ile blauzi yake nyeupe ya kitani. Nikasema moyoni, jamani, anafurahi, na nimemwekea mambo sawa, hakuna wa kumuudhi.

Jioni nikaenda bandani kuchukua kuni za moto tunaouwasha kilimani usiku huo. Nikasikia sauti nyuma ya banda. Nikachungulia. Alikuwa amesimama peke yake, ameegemea fimbo, akiimba. Sauti ilikuwa ileile ya zamani, ile ya Līgo, inapanda na kushuka panapotakiwa. Maneno yalikuwa hapana, hapana, hapana. Alikosea mahali, akarudia. Akainua kidevu vile anavyomwinulia Velta, akatupa hapana ya mwisho kama anayemwaga maji machafu nje, kisha akacheka mwenyewe.

Alikuwa anajiandaa kujibu. Tangu asubuhi alikuwa anajiandaa kujibu.

Nikatupa kuni, nikakimbilia simu. Nilitaka kumwambia Velta, zifukue! Zilete zote sita, anza na ya kiuno! Simu iliita mpaka ikachoka. Velta angeipokea vipi, naye yuko njiani? Nikaenda langoni kumvizia, lakini Ausma alikuwa amefika kabla yangu, amesimama katikati, taji kichwani.

Wakatokea kona ya barabara, watu kama kumi na watano, Velta mbele, mumewe Gunārs na kodiani yake kando. Saa tatu usiku ilikuwa imepita na jua lingali juu ya misonobari. Nikampungia Velta mkono, nikatikisa kichwa, nikamwonyesha kinywa, nikafanya kila ishara niliyoijua. Naye akaniitikia kwa kichwa, taratibu, kwa huzuni, maana yake nimeelewa, sijasahau ulichoniomba.

Akaanza.

"Ausma mikono ya dhahabu, līgo, līgo,
nyumba yake yanukia asali, līgo!"

Ausma alitabasamu. Mguu wake mzima ulikuwa unapiga mdundo. Nilimjua, alidhani ni mtego, sukari ya mbele kabla ya pilipili. Akasubiri pilipili.

Ubeti wa pili ukasifu ng'ombe wake. Wa tatu ukasifu moyo wake. Wa nne ukasema hapajatokea mwimbaji kama yeye wilaya nzima. Velta alikuwa anaimba vizuri, huku machozi yanamtoka, na wanawake nyuma yake nao wanafuta macho, līgo, līgo, polepole kama kanisani.

Nikaliona tabasamu la mke wangu likiondoka. Aliwatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia chumba na kukuta wanamzungumzia. Kisha akaangalia mkono wake wa kulia. Kisha akainua kidevu na kuimba.

"Hapana, hapana, hapana, hapana, hapana, hapana!"

Kwa sauti kamili, bila kukosea popote. Lilikuwa jibu, na lilikuwa kali. Mimi niliyelisikia bandani nilijua hasa lilikuwa linamvua Velta nini.

"Jamani, anaona haya!" mwanamke mmoja akasema.

"Masikini, hataki sifa. Alikuwa hivyohivyo siku zote, mnyenyekevu," mwingine akadakia.

Ausma mnyenyekevu! Wakapiga makofi. Velta akaongeza beti mbili nyingine za sifa, kubwa kuliko za kwanza, na Ausma akajibu tena, hapana, hapana, kwa nguvu zaidi, uso umeiva, na kadiri alivyokataa ndivyo walivyomsifu. Nikapenya hadi kwa Velta, nikamshika kiwiko.

"Mtukane!"

"Nini?"

"Mtukane, nakuomba! Imba ya kiuno!"

Alinielewa. Alimtazama Ausma, akafungua kinywa, na Gunārs akampa sauti kwenye kodiani. Hakikutoka kitu.

"Siwezi," akaninong'oneza. "Nikiutazama ule mkono siwezi, Arvīds. Zimekwenda zote. Nisamehe."

Nikakiachia kiwiko chake. Mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea huruma ya huo mkono mpaka nyumbani kwake.

Wakala jibini, wakalisifu. Wakanywa bia, wakaisifu. Wakambusu Ausma mmoja mmoja, kwa upole, wasije wakamwangusha. Halafu wakaenda shamba la jirani mwingine, ng'ambo ya kijito, na hatukukaa dakika kumi tukawasikia. Velta alikuwa amepata sauti. Alikuwa anaimba juu ya paa la jirani linalovuja na suruali yake inayovuja vilevile, na jirani anajibu, na vicheko vinapasuka, līgo, līgo, kodiani inakimbia. Ausma alikuwa bado langoni. Alisikiliza kila ubeti.

Sijawahi kuimba maishani mwangu. Hata kanisani watu hunisihi ninyamaze. Lakini nilisimama mbele ya mke wangu, nikavua kofia, nikasahau kwamba ilikuwa taji, nikaimba:

"Ausma wangu mvivu sana, līgo, līgo,
amesuka taji la... la mwaloni, līgo."

Ubeti wangu haukuwa na tusi wala mizani. Nilisimama pale nikitafuta ubeti mwingine, jambo lolote baya juu yake, na katika miaka arobaini na mitatu ya kuishi naye sikulipata hata moja.

Alinisogelea. Akanivika taji langu, akanipigapiga shavuni, kama anavyomfanyia ndama asiyejua kunyonya, akasema hapana, moja tu, bila hasira. Kisha akachukua fimbo yake na kuelekea nyumbani. Kwetu usiku wa Līgo halali mtu. Moto unawashwa, unalindwa mpaka jua lirudi, na anayelala huambiwa atasinzia mwaka mzima. Ausma ndiye aliyekuwa akitumwagia maji sisi wenye kusinzia.

Nilimwona dirishani akivua blauzi nyeupe kwa mkono mmoja, akiikunja, akipanda kitandani. Akavuta pazia, maana jua lilikuwa bado linaingia chumbani.