Chupa Nyuma ya Pipa la Maji

Gari la Baba Pacha lilianza kukohoa wiki ileile kituo cha mafuta kilipobandika karatasi kwenye pampu: petroli yetu sasa imechanganywa na ethanoli. Baba Pacha alikuwa dereva wa teksi, na teksi yenyewe ilikuwa kuukuu, lakini haikuwahi kumwaibisha mbele ya abiria. Sasa ilizimika kwenye mataa, mbele ya watu wenye honi nyingi na subira kidogo.

Akauliza ethanoli ni kitu gani. Bora asingeuliza. Muuza mafuta alisema ni spiriti, pombe kali inayotokana na miwa, na inapunguza moshi. Dereva mwenzake akaapa kwamba inatafuna injini. Muosha magari alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo wewe umeacha, gari imeanza?"

Baba Pacha hakucheka. Kweli alikuwa ameacha pombe, mwaka na ushee sasa, na hakuacha kwa kupenda. Mama Pacha alimwambia mara moja tu, bila kupandisha sauti, kwamba siku atakapomkuta tena na chupa, yeye na wanawe wanakwenda kwa dada yake na asithubutu kuwafuata. Mama Pacha hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Fundi wake ndiye aliyempa maelezo yenye kichwa na miguu, ingawa nayo yalimvuruga.

"Mafuta haya yanasafisha tangi," fundi alisema. "Uchafu wa miaka yote hiyo unang'oka, unakwenda kuziba filta. Tubadilishe filta, gari itatulia."

"Yaani inaumwa kwa sababu inasafishwa?"

"Ndiyo hivyo. Na kama huamini kwamba spiriti imo, chukua chupa ya kioo, tia maji kidogo, weka alama. Jaza petroli, tikisa, iache itulie. Spiriti inahama inaingia kwenye maji. Utayaona yamepanda."

Maji yapande bila mtu kuyaongeza! Hilo Baba Pacha alitaka kulishuhudia kwa macho yake mawili. Jalalani aliokota kichupa bapa, vile vinavyoingia vizuri kwenye mfuko wa koti, akakisuuza, akajificha nyuma ya nyumba na kufanya kama alivyoelekezwa. Maji yakapanda. Akakigeuza huku na huku, akakisogeza kwenye mwanga, akakuna kichwa. Mara akasikia geti linafunguliwa. Alikisukuma kichupa nyuma ya pipa la maji, akapangusa mikono, akaingia ndani akipiga mluzi.

Kesho yake mchana alirudi nyumbani na gari lenye filta mpya, likinguruma vizuri kama zamani. Sebuleni alikuta begi kubwa limejaa. Mama Pacha alikuwa ameketi, kichupa kiko mezani mbele yake.

"Mke wangu, hiyo ni petroli."

"Pua ninayo. Umefika hatua ya kuchanganya na petroli?"

"Sijachanganya mimi. Wamechanganya wao. Pombe imo kwenye mafuta ya gari."

Maneno yalipomtoka, hata yeye mwenyewe aliona haya. Ulikuwa ukweli mtupu, lakini unanuka uongo kuliko uongo wote aliowahi kuusema.

"Zamani ulikuwa unajitahidi kidogo," Mama Pacha alisema. "Ulikuwa unasema umetoka msibani."

"Nipe nafasi nikuonyeshe. Nikishindwa, begi nitakubebea mimi."

Wakatoka uani. Kichupa kikamwagwa, kikaoshwa. Mama Pacha hakumwamini hata kwa maji, aliyatia mwenyewe, akaweka alama kwa rangi yake ya kucha. Baba Pacha akaleta petroli kutoka kwenye gari, akajaza mpaka shingoni. Mama Pacha akatikisa kwa hasira zote alizokuwa nazo, kisha akakiweka ukutani. Wakasubiri bila kutazamana.

Petroli ikajitenga juu. Chini, maji yalikuwa yamepita ile rangi ya kucha, bila ubishi.

"Yameongezeka," Mama Pacha alisema, jicho karibu ligusane na kioo.

"Ni spiriti. Imehama petroli."

"Na watu wanatia kitu hiki kwenye magari yao?"

"Kila siku. Hata yale ya wakubwa."

Mama Pacha akaguna, kisha akacheka kidogo, na roho ya Baba Pacha ikashuka mahali pake. Akaingia ndani haraka kulirudisha begi chumbani.

"Liache hapo," alisema Mama Pacha mlangoni. "Ya petroli nimeyaamini. Sasa niambie, mtu anayepima mafuta anaficha chupa kwa nini? Tena palepale?"

Palepale, nyuma ya pipa, alikozificha zile nyingine miaka yote. Baba Pacha akafungua mdomo aseme aliwahofia watoto. Akaona si kweli. Akataka kusema ni harufu. Nayo haikuwa kweli.

"Sijui," alisema. "Haki ya Mungu, sijui. Nilisikia geti, mkono ukaenda wenyewe." Akautazama mkono wake, na hofu ikamshika, kwa maana asubuhi ile angeulizwa, angeapa kwamba yale yote yamekwisha.

Mama Pacha alirudi uani. Alikifunga kichupa kwa nguvu, akakiweka juu kabisa kwenye dirisha la nje linalotazama barabara, wasikofika watoto.

"Kikae hapo. Kila atakayeuliza ni nini, utamweleza wewe."

Kisha akarudi sebuleni, akapiga magoti, akafungua begi na kutoa sare za shule za pacha, akazikung'uta moja moja. Nguo zake mwenyewe aliziacha ndani, na zipu hakuifunga.