Pipa la Baba Mdogo

Jiwe la kwanza lilimpata Dulla sikioni, na kabla hajajua limetoka wapi, la pili likamvunja meno. Akaanguka kando ya fuso lake. Wakamvamia kwa mipini ya majembe na mateke, wanaume wale wale waliompokea juzi kwa makofi na kumchemshia viazi.

Dulla alikuwa dereva wa Makambako. Alipakia blanketi, dripu na vidonge vya kusafishia maji, akapanda milima ya Makete kwenye utelezi hadi kijiji hiki cha bondeni, chini ya mji wa Iwawa, ambako mafuriko yalikuwa yameng'oa bomba na kuzika visima kwa tope. Asubuhi hii watu kumi na wawili waliokunywa maji ya pipa aliyoyatia vidonge walianza kutapika, kutoka udenda na kutetemeka. Mmoja akafa: Dafroza, mke wa mwenyekiti wa kitongoji, Nahumu. Basi mgeni ndiye muuaji, ushahidi wa nini tena?

Scola, nesi wa zahanati, alikuja mbio kutoka kwa wagonjwa akajitupa katikati yao. Mpini mmoja ukamshukia begani.

"Mwacheni. Si vidonge, ni lile pipa."

Nahumu alikuwa baba mdogo wa Scola. Ndiye aliyelitoa pipa hilo, ambalo msimu uliopita alichanganyia dawa ya kunyunyizia viazi.

"Nililisugua kwa majivu mara tatu," alisema Nahumu. "Unamkingia kifua huyu."

Jana jioni Scola aliingiza pua ndani ya pipa, akasikia harufu ya dawa, akasita. Lakini watoto walikuwa na siku tatu wanakunywa tope na kuharisha, na chombo kingine kikubwa hakikuwepo. Akasema lijazwe. Kosa lilikuwa lake na alilionea aibu, lakini aibu ya nini mbele ya mtu anayetokwa damu masikioni?

"Nimekosa, baba mdogo. Tumekosa mimi na wewe. Huyu alitia vidonge kama nilivyomwelekeza. Niacheni nimtibu."

Hayo maneno mawili, "na wewe", ndiyo yaliyoharibu kila kitu. Kama ni pipa, basi Nahumu kamuua mkewe kwa mkono wake mwenyewe, na hilo hakuwa tayari kulibeba hata kwa dakika moja.

Ndani ya fuso kulikuwa na ndoo ya maji ambayo Dulla aliyatia vidonge vile vile kwa ajili ya kunywa yeye. Nahumu akaiteremsha, akamgeukia Scola.

"Kunywa haya. Tukae saa nzima. Ukiwa mzima, tutakuamini. Mpaka hapo asiguswe na mtu."

"Baba mdogo, saa nzima ni nyingi. Atakufa."

"Kunywa."

Akanywa kikombe, akaongeza cha pili. Vijana wawili wakamshika mikono. Dulla alilala hatua nne mbele yake, anakoroma kwa damu iliyomjaa kooni. Kumgeuza ubavu tu kungemsaidia, kazi ambayo hata mtoto wa shule anaiweza! Scola aliwabembeleza, akawatukana, akamng'ata mmoja kidole mpaka akasikia mfupa. Wakamzaba makofi, wakamshika tena. Wengine walisimama na mawe mkononi wakiangalia saa kwenye simu, washenzi wakubwa, utadhani wanangoja ugali uive.

Saa ikatimia. Scola hakutapika wala kutetemeka, isipokuwa labda kwa hasira. Mawe yakaanza kuwekwa chini, moja moja, bila mtu kumtazama mwenzake. Dulla alikuwa bado anahema.

"Mwachieni nesi afanye kazi yake," alisema Zipora, jirani yao, ambaye mwanawe alikuwa miongoni mwa wagonjwa.

Nahumu aligeuka akautazama mlango wa nyumba alimolazwa Dafroza, amefunikwa kwa moja ya blanketi zilizoletwa na fuso.

"Bado," akasema. "Tuongeze nusu saa."

Hakuna aliyembishia. Mtu kafiwa, utamwambia nini? Vijana wakaikaza upya mikono ya Scola. Dulla alikata roho dakika kumi baadaye, watu wote wakaona, na Nahumu akaendelea kuitazama simu yake mpaka nusu saa ilipoisha.