Kisigino cha Namba Sitini na Nne

Mechi tatu za kwanza, Adrienne hakujua hata mara moja mpira uko wapi. Alikuwa anamwangalia mwanawe tu. Heshima, namba sitini na nne, alikuwa na miaka ishirini na mbili na kilo mia moja thelathini, na mwaka ule wa 2009 alikuwa amesajiliwa kwa mara ya kwanza na timu ya daraja la juu ya futiboli ya Kimarekani mjini Stockholm. Kazi yake haikuwa kushika mpira. Alijipanga mstari na wenzake wanne mbele ya mrushaji wa mpira, wakawazuia wapinzani wasimfikie: walisonga mbele mpira ukikimbizwa, walirudi nyuma ukirushwa.

Jumapili moja baada ya ibada alikuja mtaa wa Akalla kwa mama yake na DVD ya mechi ya tatu, pamoja na karatasi kutoka kwa Bruce, kocha wa mstari, Mrundi aliyeacha kucheza kwa sababu ya goti. Mpira ulikuwa umeanzishwa mara hamsini na nane Heshima akiwa uwanjani, na kila mara Bruce alikuwa ameandika alama: nzuri au mbaya. Mbaya zilikuwa ishirini na tatu. Chini aliandika neno moja la Kiswidi, maana yake anachelewa. Baada ya mechi ya nne angeamua kama Heshima ataendelea kuwa kwenye kikosi cha kuanza.

"Mimi ni mzito tu, Mama," Heshima alisema kwa Kiswidi.

"Weka ile filme tuone."

Walitazama. Mwishowe Adrienne akauliza, "Huyu wa bluu anajuaje?"

"Anajua nini?"

"Kwamba wewe unarudi nyuma. Mpira haujatoka, yeye ameshaanza kukuzunguka. Huchelewi, mwanangu. Yeye ndiye anawahi."

Adrienne alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja katika nyumba ya wazee. Kutwa aliwasaidia watu kuinuka kwenye viti, na alikuwa amezoea kuangalia uzito umekaa wapi kabla mtu hajasogea, maana asipoangalia, mzee anaanguka. Sasa alisogea hadi karibu na televisheni.

"Simamisha hapo. Umechuchumaa, mkono mmoja chini. Kisigino kimeinuka. Utaenda mbele."

Heshima aliachia picha. Alienda mbele.

"Hapa umekaa kama mtu aliye kwenye kiti. Utarudi."

Alirudi. Walijaribu mara ishirini, na Adrienne akapatia kumi na saba. Heshima aliweka rimoti chini, akaitazama miguu yake mwenyewe kama ya mtu mwingine.

Jumanne alimpigia Bruce simu, na Alhamisi Bruce akamwalika mama huyo mazoezini. Alimsimamisha upande wa mabeki, akitazamana na Heshima.

"Mama Heshima, sema kwa sauti kabla mpira haujatoka."

"Mbele," alisema Adrienne. "Nyuma. Nyuma. Mbele."

Bruce alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakuna kichwa. "Mimi mwezi mzima nimeangalia mikono yake."

"Mikono sikuiangalia mimi. Ina shida gani?"

"Iko chini mno. Lakini tuanze na hili lako."

Wiki nzima Heshima alichuchumaa kwa namna moja tu, iwe anakwenda mbele au anarudi, mpaka mapaja yakamwaka moto na ngazi za metro zikamshinda.

Katika mechi ya nne alama mbaya zilikuwa kumi na nne kati ya sitini na moja. Mara mbili mpinzani alibahatisha upande akakosea, na Adrienne akajikuta amesimama. Lakini katika robo ya tatu beki mmoja wa wapinzani alimpiga Heshima kifuani, akampita kwa ndani na kumwangusha mrushaji kwa kishindo. Kisigino hakikuwa kimesema chochote. Adrienne alikaa chini, akijiuliza ni nini basi kilichotokea.

Bruce alisema wazi mbele yao wote wawili. "Anabaki. Miguu sasa ni ya mchezaji. Ila mechi ijayo ataingia kipindi cha pili, kwa sababu yule beki alimfikia kifuani kwanza."

Heshima alikuwa anatamani sana kuanza, na mama yake aliliona hilo, hakumfariji. Walitembea hadi kituo cha metro. Treni ingefika baada ya dakika nane.

"Simama kama unavyosimama kule," alisema Adrienne, akaweka mkoba wake kwenye benchi.

"Hapa? Mama, watu wanaona."

"Waone. Nataka kujua mikono inatoka wapi."

Heshima aliinama, mtu mkubwa kwenye sakafu ya kituo, na Adrienne akamsukuma kifuani kwa viganja viwili, polepole kwanza.

"Umeniacha nifike," alisema. "Tena."